Nimenunua Prado 95 ya 1998 kwa milioni 9, inapoteza maji bila kuvuja. Nianzie wapi?

#1 Mkulima wa Kilosa
Wakuu habari. Mwezi uliopita nimechukua Prado 95 ya mwaka 1998, injini 1KZ-TE dizeli, otomatiki, namba A. Aliyeniuzia ni mwalimu mstaafu wa Morogoro. Ndani ameitunza, viti vyote saba vizima, ila miaka miwili ya mwisho ilikuwa imelala chini ya mwembe. Tumemalizana milioni 9. Mkataba tumeandikishana kwa mwanasheria, kadi ipo kwa jina lake, na deni la trafiki nimeangalia kwa namba ya gari, halina kitu.

Kero yangu ni maji ya rejeta. Kila baada ya siku nne au tano naongeza karibu nusu lita. Chini hakuna tone. Nimetandika boksi usiku kucha, asubuhi boksi kavu kabisa. Kwenye tambarare haichemshi, lakini nikipandisha na mzigo mshale wa joto unanyanyuka kidogo kupita katikati, halafu unarudi nikishuka.

Fundi wa kwanza kasema hedi (kichwa cha injini) imepasuka, tushushe. Wa pili kasema rejeta imeziba. Wa tatu hakusema sana, kafungua, katoa thamostati, ile vali ya joto kwenye njia ya maji, kanikabidhi mkononi, kasema sasa endesha.

Nina milioni 4 ya kuifufua. Kazi yake ni shamba, njia ya tope wakati wa masika, na familia siku za safari. Naomba mnielekeze, sitaki kununua spea kwa kubahatisha.

#2 Binti Kinole
Hongera mkuu. Kwa gari yenye kadi safi hiyo bei si haba. Tuwekee picha za chasisi, rangi achana nayo.

#3 Spana 17
Hizi injini nazifungua tangu nikiwa saidia fundi. Bloku yake ni chuma, hedi ni alumini. Ikichemka sana hata mara moja, alumini inatanuka kuliko chuma, na ufa unaanzia kati ya vali mbili za silinda moja. Mwanzoni unakuwa mwembamba kama unywele, huuoni mpaka uoshe hedi vizuri. Gari ikilala, maji yanapenya kidogo kidogo ndani ya silinda. Ukiwasha asubuhi yanatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe. Ndiyo maana boksi lako kavu.

Kipimo cha bure: kesho asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, minya hozi kubwa ya juu ya rejeta. Ukiikuta ngumu kama mpira uliojazwa upepo, ujue gesi ya silinda inaingia kwenye njia ya maji. Ukiikuta laini, una nafasi ya kutafuta kwingine.

Na hiyo thamostati irudishwe leo. Hilo nitalirudia, kwa sasa niko chini ya gari.

#4 Mzee wa Sekenke
Spana 17, mdogo wangu, usimpeleke mtu kwenye kushusha hedi kabla hajabadili kifuniko cha rejeta. Nimeendesha 1KZ miaka 11, Singida na Igunga, mlima Sekenke naupanda na magunia. Yangu ilipoteza maji hivi hivi miezi mitatu. Mafundi wanne, kila mmoja na hedi yake. Kumbe lile lastiki la ndani ya kifuniko lilikuwa limekauka na kukatika kipande. Injini ikipata joto, maji yanasukumwa kwenye kile chombo cha akiba, kikijaa yanamwagikia barabarani, upepo unakausha. Ukisimama huoni kitu.

Kifuniko kimeandikwa namba juu, 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha kinayoishika. Kwa 0.9 maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118, kifuniko kikifa yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo usinunue kifuniko chochote kinachoingia tu, tafuta chenye namba inayotakiwa na gari lako.

#5 Kijana wa Pongwe
Uza mkuu. Hizi 1KZ ni komon reli, dizeli inagawiwa nozeli zote kwa bomba moja la presha kubwa, nozeli zikifa ndugu utauza na shamba. Na huko mbele springi zake ni fito za msokoto, zikilegea gari linainama kama linasali.

#6 Spana 17
Kijana wa Pongwe, hapana kwa yote mawili. Komon reli ni 1KD, ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya hii mwaka 2000. 1KZ-TE ina pampu ya mzunguko inayoongozwa na umeme, nozeli zake ni za kawaida, zinapimwa na kurekebishwa hata Morogoro. Na Prado 95 mbele ina springi za koili. Fito za msokoto ziko kwenye Toyota Surf za zamani, zile za kabla ya 1996.

#7 Kijana wa Pongwe
Nimekubali kwa hilo la injini. La Surf pia, ilikuwa ya mjomba, nilichanganya.

#8 Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu gari la zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo Prado hizi zilizoko zote ni za kitambo, zimepita mikono mingi, na makanika wazijua kama watoto wao. Nami nina yangu. Swali langu kwa mwenye uzi: hayo maji watia maji gani? Kama ni ya kisima, tatizo lako huenda si moja. Nilipokata rejeta yangu nilikuta vile vinjia vya ndani vimejaa chumvi nyeupe na kutu, kama sufuria ya chai isiyosuguliwa mwaka mzima. Nusu ya rejeta ilikuwa haifanyi kazi. Ukiipapasa ikiwa moto, upande wa juu wachoma, chini kona moja baridi. Papasa hivyo, ila zima injini kwanza, feni haina huruma.

#9 Mkulima wa Kilosa
Asanteni sana. Majibu ya kipimo cha Spana 17: nimeminya asubuhi nne. Mbili hozi laini, mbili ngumu kiasi, si ngumu ya kutisha. Moshi mweupe upo kwa kama dakika moja, lakini huku asubuhi ni baridi siku hizi, hata pikipiki ya jirani inautoa.

Mvita, mwalimu alikuwa anatia maji ya kisima. Nimemuuliza, amesema wazi. Kona ya chini kushoto ni baridi kweli.

Kifuniko ni cha bei rahisi, hakina namba yoyote.

#10 Spana 17
Mbili laini mbili ngumu ndiyo jibu baya kuliko yote, maana kila mtu humu atajiona yuko sahihi.

#11 Mama Pacha
Mkulima, kabla ya kushusha chochote, lala chini ya gari uangalie bomba la hita ya nyuma. Watu wengi hawajui kama Prado ya viti saba ina hita ya abiria wa nyuma, kwa sababu nani anawasha hita Morogoro? Lakini maji yanazunguka huko saa zote. Kuna mabomba mawili ya chuma yanapita chini ya sakafu, na yanaoza.

Yangu ilipoteza maji mwaka mzima. Nikipaki, hakuna tone. Nikitembea, presha ikipanda, tundu dogo kama la sindano linarusha maji kwenye ekzosi, yanageuka mvuke hapo hapo. Aliyeligundua ni kijana wa kuosha magari, aliniambia, "Mama, mbona hapa kuna alama ya pinki iliyokauka?" Kulanti nyekundu (maji ya dawa ya rejeta) ilikuwa imeacha doa kama la juisi ya rozela kwenye chuma. Fundi aliyaunganisha mabomba yote mawili kule mbele kwa hozi fupi, hita ya nyuma ikawa haipo tena, na maji yakaacha kupungua. Kazi ya saa moja.

Angalia pia zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na unyevu na kioo kinaweka ukungu wenye harufu tamu, basi ni hita ya mbele.

#12 Mzee wa Sekenke
Mama Pacha umesema kitu kikubwa. Hilo bomba sikuwahi kulifikiria. Sasa najiuliza kama ile yangu ilikuwa kifuniko au hilo, maana nilibadili kifuniko wiki ileile fundi alipokaza hozi za chini.

#13 Spana 17
Nimetoka chini ya gari. Thamostati.

Najua kwa nini mafundi wanaitoa. Mteja analalamika gari linachemsha, ukiitoa mshale unashuka, mteja anafurahi, umelipwa. Lakini injini hii ilitengenezwa ifanye kazi kwenye joto lake. Bila thamostati dizeli haiungui vizuri, mafuta mabichi yanaosha kuta za silinda, oili inachafuka mapema. Na kwenye mlima maji yanapita kwenye rejeta haraka mno, hayapati muda wa kupoa.

#14 Mhandisi wa Mzumbe
Mkuu nakuheshimu, ila hilo la mwisho si sahihi. Maji kupita haraka hayapunguzi upoaji, yanauongeza. Tatizo la kutoa thamostati kwenye injini kama hii liko kwingine: thamostati yenyewe ikifunguka huwa inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, hiyo njia inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Kwa hiyo kwenye baridi haipati joto, na kwenye mlima ndiyo inachemsha. Hasara mbili kwa kuondoa kitu cha bei ndogo.

#15 Spana 17
Nimejifunza hapo. Lakini tumefika palepale: irudishwe.

#16 Mhandisi wa Mzumbe
Tumefika palepale kaka. Na jambo lingine kwa Mkulima: usiuamini ule mshale. Mshale wa dashibodi umetulizwa makusudi, unakaa katikati hata joto likipanda nyuzi nyingi tu. Ukiuona umenyanyuka, jua injini imeshaungua muda. Funga geji ya pembeni, sensa yake ikae kwenye hozi ya juu. Usisahau klachi ya feni pia. Injini ikiwa moto, izime, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe zaidi ya mzunguko mmoja, mafuta ya silikoni ndani yameisha. Huo ndio ugonjwa wa milimani, maana barabara tambarare upepo wa mbele unaisaidia.

#17 Dereva wa Chalinze
Wakuu mmezama kwenye maji. Mimi nataka kumwokoa maisha. Mkulima, umekagua boljointi za chini mbele, vile viungo vinavyoshikilia tairi kwenye mkono wa chini?

Kwenye gari hili boljointi ya chini imewekwa kwa kuning'inia. Uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake, badala ya kuikandamiza irudi ndani. Ikiisha haikupigii kelele muda mrefu. Inachomoka. Mimi yangu ilichomoka nikitoka rivasi sokoni, nakata usukani kulia. Nilisikia mlio mmoja, *kop*, gari likapiga goti. Tairi la kushoto lilikuwa limelala chali chini ya bodi, paipu ya breki imekatika, oili ya breki inatiririka vumbini. Dakika ishirini kabla ya hapo nilikuwa barabara kuu, kilomita 100 kwa saa, watoto watatu nyuma. Nilikaa chini kwenye tofali nikashindwa kusimama.

Weka jeki chini ya mkono wa chini, tairi liachie ardhi kidogo, mtu ainue kwa mtaimbo chini ya tairi. Mchezo wowote, badilisha zote mbili. Usinunue za mtumba, hata kama zimeandikwa Japani.

#18 Binti Kinole
Mungu mkubwa. Nimemtumia mume wangu hii sasa hivi, tuna Surf ya 1997.

#19 Dereva wa Chalinze
Dada yangu, kama ni ya umbo jipya hilo la 1996 na kuendelea, muundo wa mbele ni uleule. Apime leo.

#20 Nyumbu Mweupe
Samahani wakuu, kwa milioni 13 jumla kwa nini asingeagiza RAV4 nje, ya miaka ya karibuni? Dizeli ya 1998 ni kujitafutia kazi.

#21 Mhandisi wa Mzumbe
Piga hesabu. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 2000 ni 10%, na gari likizidi miaka 10 linaongezewa 30% ya uchakavu. Yote yanapandiana. Kwa milioni 13 hapati RAV4 ya miaka ya karibuni, na RAV4 haimfikishi shambani kwake mwezi wa nne.

#22 Mkulima wa Kilosa
Kweli, mwezi wa nne njia ya kwangu trekta linapita kwa kuomba. Nilichagua Prado kwa sababu ina ile gia ndogo, na kuna siku nilimbeba mama mjamzito wa jirani kwa pikipiki usiku wa mvua. Sitaki kurudia.

#23 Mzee wa Sekenke
Hiyo gia ndogo uitumie vizuri. Gari hili linavuta matairi yote manne muda wote. Ile HL ni kufunga difu ya kati, ni ya tope na mchanga tu. Ukisahau ukaingia nayo lami, gari linakuwa zito kwenye kona na unakula matairi na difu. LL, ndiyo gia ndogo yenyewe, ni ya kushuka korongo. Huo mti wa gia kama haujaguswa miaka miwili utakuwa umekaza. Usiulazimishe kwa nguvu, weka gia N, sogea mbele nyuma kidogo.

#24 Mtaa wa Sharjah
Niko Sharjah kwenye eneo la spea za mtumba. Hapa Prado za umbo hilo ni nyingi lakini karibu zote ni petroli, V6 ya 3.4. Hedi ya 1KZ hupati kirahisi hapa. Milango, taa, difu, viti, vyote vipo. Mkulima usije ukatapeliwa "hedi ya Dubai", uliza imetoka kwenye gari gani.

#25 Kijana wa Pongwe
Kwa nini asitoe 1KZ akaweka 5L, ile dizeli nyingine ya Toyota? Haina turbo, haina umeme, haifi.

#26 Spana 17
Inawezekana, nimefanya mara mbili. Lakini Prado ina uzito, 5L bila turbo mlimani utapitwa na lori la saruji. Gia boksi otomatiki nayo haitaelewana nayo, utatafuta manyuo. Na namba ya injini ipo kwenye kadi, kwa hiyo lazima ukairekebishe TRA (mamlaka ya mapato), vinginevyo siku ya kuuza utakwama.

#27 Mkulima wa Kilosa
Mrejesho, wiki tano baadaye.

Boljointi: kushoto ilikuwa inacheza. Nimebadili zote mbili, 260,000. Dereva wa Chalinze, fundi alipoitoa ile ya kushoto kinundu kilichezacheza mkononi kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nimeitunza nyumbani, imewekwa dirishani. Asante sana.

Rejeta: mpya ya safu mbili, 480,000. Ile ya zamani tuliikata kama Mvita alivyosema. Vinjia vya upande wa kushoto vilikuwa vimeziba, unakwangua kwa bisibisi unatoka unga mweupe. Kifuniko kipya chenye namba. Thamostati imerudi. Kulanti nyekundu nimechanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi.

Mkanda wa taiming: taa ya T-BELT ilikuwa haijawahi kuwaka, na mwalimu hakumbuki kama ulibadilishwa. Odometa inasoma 214,000. Tumekuta mkanda una nyufa. Mkanda na beringi zake 230,000.

Bomba la hita ya nyuma: lina kutu lakini hatukuona tundu wala doa. Tumeliunganisha kule mbele kwa tahadhari.

Matairi manne 265/70 R16 ya mtumba yenye hali nzuri, milioni 1. Bushi za mbele, oili zote, chujio, betri, zimekula kama 900,000.

Wiki iliyopita tulikwenda Iringa kwenye harusi, watu sita na mizigo. Kitonga nimeipanda mchana, nyuma ya malori, mwendo wa kobe, kilomita 15 kwa saa. Geji ya pembeni ilifika 98, ikakaa hapo, juu kule Ilula ikashuka 88. Mke wangu alikuwa anaisomea kwa sauti kila dakika kama anahesabu kura.

Sasa tatizo. Maji bado yanapungua. Si nusu lita tena, ni kama kidole kimoja kwenye chombo cha akiba kwa wiki mbili.

#28 Mzee wa Sekenke
Rejeta mpya huwa inatoa hewa iliyobaki ndani. Kidole kimoja ni hewa hiyo. Jazia, endesha mwezi.

#29 Mama Pacha
Hewa ingeisha ndani ya wiki ya kwanza. Angalia pampu ya maji, chini yake kuna kitundu cha kutolea uvujaji. Ukiona njia nyekundu iliyokauka hapo, sili imechoka. Mlipobadili mkanda mlibadili na pampu?

#30 Mkulima wa Kilosa
Hapana dada, fundi alisema haina mchezo. Kuna doa lakini ni la oili, nadhani.

#31 Spana 17
Mnajua ninachofikiri. Ufa mwembamba hautapona kwa rejeta mpya, unapunguziwa presha tu kwa sababu injini sasa haifiki kwenye joto lile. Sisemi ashushe hedi. Nasema apime.

#32 Mhandisi wa Mzumbe
Na mimi nasema angalia oili ya gia boksi. Kipoza oili cha otomatiki kiko ndani ya tenki la chini la rejeta. Ile ya zamani ilikuwa imeoza, huenda maji yalishaanza kuingia huko. Ukikuta oili ina rangi ya maziwa yaliyotiwa rozela, simama usiendeshe.

#33 Mkulima wa Kilosa
Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi. Oili ya gia ni nyekundu, inapitisha mwanga, haina povu. Ya injini nyeusi ya kawaida. Hozi asubuhi ya leo ilikuwa laini. Jana ilikuwa katikati.

#34 Mvita
Ndugu, hiyo hozi yako ina tabia ya mtu mwenye siri.

#35 Spana 17
Mkulima, njoo Jumamosi Morogoro. Nina kile kichupa cha maji ya bluu, tunakiweka juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa moto. Gesi ya silinda ikitoka, kwa dizeli bluu inageuka kijani mbele ya macho yako. Sitakutoza kitu, nataka kujua na mimi.

#36 Mkulima wa Kilosa
Nitafika saa 2 asubuhi kaka. Nitakuja na lile jino la dirishani pia ulione.

#37 Mzee wa Sekenke
Mkulima, usisahau kumwonyesha Spana 17 na kile kifuniko cha zamani. Kama lastiki lake limekatika, narudi humu.

#38 Binti Kinole
Samahani kuingilia. Surf yetu boljointi zimepimwa, ya kulia ina mchezo kidogo sana, fundi anasema itamaliza mwaka. Tumwamini?

#39 Dereva wa Chalinze
Hapana dada. Usiiendeshe mpaka ibadilishwe. Uko mji gani nikuelekeze duka?